Mukinduri, musutsu na kroton wa msituni: pindua jani kwanza

Swali: Nina kitalu kidogo karibu na msitu wa Kakamega. Nilinunua miche iliyoandikwa "mukinduri" niipande mpakani, na baadaye niuze njugu zake kwa wanaokamua mafuta. Sasa miche imefika magotini. Nusu ina majani mapana ya umbo la moyo yenye manyoya, nusu nyingine ina majani marefu kidogo yaliyo meupe upande wa chini. Kando ya mto kuna mti mkubwa ambao jirani anasema nao ni kroton, ila matunda yake huiva mekundu. Halafu mtu wa bustani mjini ananiambia kroton ni lile ua la majani ya rangi rangi. Je, hii yote ni mti mmoja? Nitaitofautishaje kabla haijazaa?

Jibu: Ndugu msomaji, si mti mmoja. Kwa jinsi ulivyoeleza una mitatu, na huyo mtu wa bustani anazungumzia mmea wa nne ulioazima jina tu. Yenye majani meupe kwa chini ndiyo mukinduri wa kweli, Croton megalocarpus, ambao kwenu huitwa musine na kwa Wakamba muthulu. Yenye majani ya moyo ni Croton macrostachyus: musutsu kwa Waluhya, mutundu kwa Wakikuyu, tebeswet kwa Wakalenjin, na bisana huko Ethiopia. Wa mtoni kwa kila dalili ni Croton sylvaticus, yaani kroton wa msituni. Msitu wa Kakamega una yote mitatu, ndiyo maana mbegu zilizookotwa ovyo chini ya miti huchanganyika.

Tumalizane na ua la bustani kwanza, maana halihitaji maneno mengi. Lile ni Codiaeum variegatum, mmea wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki na Pasifiki. Ni wa familia ileile ya Euphorbiaceae, lakini mhogo na mbarika nazo ni za familia hiyo, na hakuna anayeziita kroton. Majani yake ni magumu, yanang'aa, hayana unyoya hata mmoja. Jenasi ya Croton yenyewe, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi zaidi ya elfu moja duniani, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki la kupe, kwa sababu mbegu za baadhi yake hufanana na kupe aliyeshiba damu.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuanza na umbo la jani. Umbo hudanganya. Mukinduri mmoja unaweza kuwa na majani ya mviringo-yai kwenye tawi la chini na majani membamba yaliyochongoka kileleni. Kisiki kilichokatwa huchipua majani makubwa mara mbili ya kawaida. Kiangazi kikikaza, majani mapya hutoka madogo. Ukubwa nao ni vivyo hivyo. Kisichobadilika sana ni ngozi ya jani upande wa chini, yaani aina ya vinyweleo vilivyolifunika. Anzia hapo, na umbo liwe shahidi wa mwisho.

Kwa kazi hiyo tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kama ile ya masonara. Bila lenzi utaona "weupe" au "manyoya" tu, basi. Chuma jani lililokomaa lakini si kuukuu, tuseme la tatu hadi la tano kutoka kwenye ncha ya tawi. Usichukue moja: chukua kama kumi kutoka matawi matatu tofauti. Sogeza lenzi karibu kabisa na jicho, kisha leta jani kwenye lenzi mpaka lionekane wazi, ukiwa umesimama penye mwanga wa jua wa pembeni. Watu wengi huishika lenzi mbali na jicho kama wanaosoma gazeti, kisha husema haioneshi kitu.

Utakachoona ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni nywele za nyota: kila unywele umegawanyika kuanzia kitako chake kuwa miale kadhaa iliyotawanyika pande zote, kama nyota iliyochorwa na mtoto. Cha pili ni magamba: miale ileile imeungana ikawa kisahani bapa chenye ukingo wa pindo, kilichoshikamana na jani kwa katikati yake, mfano wa mwavuli uliofunguliwa. Vyote viwili ni vinyweleo vya asili moja, ndiyo maana kwenye baadhi ya spishi utakuta umbo la katikati. Kwa miti yako, hata hivyo, tofauti ni wazi.

Mukinduri una magamba. Upande wa chini wa jani lake umefunikwa nayo kwa wingi kiasi kwamba kijani hakionekani, bali rangi ya fedha iliyofifia, karibu na krimu. Upande wa juu ni kijani na hauna manyoya ya kupapasika. Upepo ukivuma, mti mzima huonekana kugeuka rangi, na mtu aliyezoea huutambua toka ng'ambo ya bonde. Ukipitisha kidole chini ya jani utahisi ulaini mkavu, si manyoya. Jani kwa kawaida halizidi sm 13 kwa urefu na upana wake ni karibu nusu ya hapo. Ncha imechongoka, kitako ni cha mviringo au kimebonyea kidogo, na ukingo hauna meno ya kuonekana.

Angalizo kwa miti iliyo kando ya barabara za murram: vumbi hufanya jani lolote lionekane na rangi isiyo yake. Lowesha kidole gumba, sugua. Vumbi litaondoka, magamba yatabaki.

Musutsu una nywele za nyota, tena nyingi, juu na chini ya jani changa, na chini hubaki hata jani likikomaa. Ukilishika unahisi kama kitambaa cha pamba. Jani ni pana, karibu duara kwa baadhi ya matawi, kitako chake kimeingia ndani kama moyo, na ukingo una meno madogo ya mviringo yanayofuatana kwa karibu. Kikonyo ni kirefu. Si ajabu kikapita sm 10 kwenye jani kubwa. Machipukizi yenyewe yamevaa koti la nywele hizo, rangi ya kijivu au kahawia hafifu.

Kisha angalia pale kikonyo kinapokutana na ubapa wa jani. Kroton wetu wengi wana tezi mbili mahali hapo, moja kila upande. Hutoa utamu, na ndiyo sababu utawakuta sisimizi wakizunguka hata kama mti hauna ua. Kwa musutsu na kwa kroton wa msituni tezi hizi zina kijiti, kwa hiyo zinatokeza kama vichwa viwili vya pini, na jicho la kawaida linaziona hata kwenye mche wa sm 30. Kwa mukinduri na ndugu zake wenye magamba tezi ni ndogo, zimelala, tena mara nyingi zimefichwa na magamba yenyewe. Usikatae mukinduri kwa kuwa hukuona tezi. Lakini jani la moyo lenye manyoya lisilo na tezi hata moja lazima likutie shaka, kwa sababu nitakazoeleza mbele.

Hivyo basi miche yako iliyofika magotini inaweza kupangwa leo. Pindua jani la tatu la kila mche. Lenye fedha laini na magamba, weka kulia. Lenye nywele za nyota, meno ukingoni na pini mbili, weka kushoto. Kazi ya asubuhi moja kwa miche mia chache.

Ugumu unakuja ukiuliza kama ndani ya kundi la kushoto hakuna Croton sylvaticus. Hapa hata watu wa mimea husita, na ni vyema tukae kidogo.

Musutsu na kroton wa msituni wana mengi ya pamoja: nywele za nyota, tezi za vijiti, meno kwenye ukingo, mashuke marefu ya maua, matunda ya ukubwa wa njegere kubwa, na majani yanayogeuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Hilo la mwisho watu hulichukulia kuwa alama ya musutsu. Si alama. Hata mukinduri huwa na jani moja moja la rangi hiyo kati ya yale ya kijani.

Cha kutazama ni jinsi manyoya yanavyodumu. Jani la kroton wa msituni huanza na nyota, kisha hupungukiwa nazo kadiri linavyokomaa, mpaka upande wa juu uwe karibu mtupu na chini zibaki chache, hasa kwenye mshipa wa kati na matawi yake. Ni jani jembamba, linapitisha mwanga ukiliinua juani, wala halina ule ulaini wa kitambaa. Umbo lake huelekea yai refu lenye ncha iliyovutwa, na kitako chake ni cha mviringo au kilichokatwa sawa. Kikiingia ndani huingia kidogo tu. Linganisha majani ya umri mmoja, maana jani changa la sylvaticus na jani kuukuu la macrostachyus vinaweza kukutana katikati na kukuchanganya kabisa.

Tunda ndilo hukata shauri. La musutsu ni kavu, la kijani linaloelekea kijivu, lenye manyoya, na mafundo matatu yanayoonekana. Likikauka hupasuka kwa kishindo kidogo na kurusha mbegu, na ukisimama chini yake saa sita mchana wa jua utausikia mlio. La kroton wa msituni ni la ukubwa huohuo, yapata sm 1, lakini mafundo yake ni hafifu na likiiva huwa la chungwa hadi nyekundu ya marijani, na ndege hulifuata. Jirani yako alipotaja matunda mekundu alikuwa amekwisha kujibu nusu ya swali. Tahadhari: yakiwa mabichi matunda ya miti hii miwili ni ya kijani yote, na watu wameandika jina lisilo sahihi kwa sababu hawakungoja wiki chache.

Mahali panaposimama mti pia hueleza, ingawa si ushahidi kamili. Musutsu hupenda palipovurugwa: kingo za msitu, mashamba yaliyoachwa, mahali palipoungua. Ni miongoni mwa miti ya kwanza kurudi. Huanzia chini ya mita 1,000 na kupanda hadi karibu mita 2,500. Kroton wa msituni hukaa ndani ya msitu wenyewe na kando ya mito, na kwa upande wa kusini unafika hadi Afrika Kusini. Mukinduri ni mti wa misitu mikavu kiasi ya nyanda za juu. Utauona Karura jijini Nairobi, miteremko ya chini ya Mlima Kenya, na Tanzania upande wa Arusha na Moshi. Lakini kwa kuwa umepandwa kila mahali kama ua wa shamba na kivuli cha barabara, kuukuta mahali fulani hakusemi kwamba ulizaliwa hapo.

Kwa miche, tukubaliane hivi. Mukinduri utautenga bila shida. Musutsu na sylvaticus zikiwa chini ya kiuno, manyoya ya utotoni huzifanya zifanane mno, na anayekuhakikishia kwa kutazama tu anabahatisha. Andika "macrostachyus au sylvaticus" kwenye kibao, ngoja mche ufike kiunoni, kisha tazama tena majani yaliyokomaa.

Tukirudi kwenye lengo lako la mafuta, tofauti ya matunda ina thamani ya pesa. Tunda la mukinduri lina urefu wa sm 2.5 hadi 4, ganda la nje la kijivu au kahawia, na ndani kokwa ngumu kama mbao yenye mbegu tatu, kila moja ikikaribia sm 2.3. Halipasuki mtini. Huanguka zima, ganda la nje huoza, na kokwa hubaki chini. Mbegu zake zina mafuta takribani asilimia 30. Mbegu ya musutsu haifiki sm 1, ina kinundu laini cha rangi ya krimu kwenye ncha moja, na kwa vile tunda hurusha mbegu, kuzikusanya kwa kilo ni adha tupu. Mkamuaji hatainunua. Majina ya kitaalamu yenyewe yanakukumbusha: megalocarpus ni "wa tunda kubwa", macrostachyus ni "wa shuke kubwa", sylvaticus ni "wa msituni". Ni nadra majina ya kisayansi kusaidia kiasi hiki.

Maua nayo yanafaa, ila yana haraka. Kwa kroton wote hawa shuke hutoka kwenye ncha ya tawi, maua jike machache yakiwa chini kwenye kitako na maua dume mengi yakifuatia kuelekea ncha. Kwa mukinduri shuke la manjano hafifu huning'inia, na baada ya mvua mti mzima hugeuka manjano kwa siku chache, nyuki wakavuma toka alfajiri. Asali yake ni nyeusi-nyeusi na ina ladha kali. Musutsu una mashuke ya krimu yanayoweza kufika sm 30, yamesimama yakiwa machanga, kisha matunda yakikua huinama. Maua dume yakishafunguka hudondoka, kwa hiyo ukichelewa utakuta kijiti kitupu chenye matunda kitakoni na utadhani maua ni machache.

Kuna kipimo kimoja cha ua kinachofaa kujua kama mmea ni Croton au si Croton, bila kujali spishi. Chukua tumba la ua dume kabla halijafunguka, lipasue kwa ncha ya sindano chini ya lenzi. Ndani ya tumba la Croton stameni, yaani viungo dume vya ua, zimejikunja, vichwa vya chavua vikitazama chini. Likifunguka hunyooka. Tena ua dume lina petali, jambo ambalo si la kawaida kwa jamaa zake wengi. Na ukivunja kikonyo, utomvu si maziwa meupe; ni wa maji au wenye rangi kidogo. Ukiona maziwa, acha, hiyo si Croton.

Kipimo hicho kinahitajika kwa sababu kuna miti mitatu inayojifanya musutsu. Neoboutonia macrocalyx wa misitu ya milimani una majani makubwa ya moyo na nywele za nyota, na kwa mbali hudanganya hasa. Lakini majani yake hupita ya musutsu kwa ukubwa, maua yake yako kwenye mashada yenye matawi, si shuke moja lililonyooka, na maua dume hayana petali. Dombeya torrida, mukeu kwa Wakikuyu, una jani la moyo na nyota pia, ila hana zile tezi mbili, mishipa mikuu hutoka pamoja kitakoni kama vidole, na ua lake jeupe lina petali tano za kuonekana wazi. Ukichuna gome utapata nyuzi ngumu za kufungia. Wa tatu ni mringaringa, Cordia africana, ambao kwenu huitwa mukomari. Jani lake ni pana na hukwaruza kidogo, halina nyota wala tezi, na ua lake jeupe ni kama tarumbeta. Ukikosa tezi kwenye jani la moyo, pitia hawa watatu kabla ya kuandika chochote.

Upande wa mukinduri nao kuna wanaofanana naye, ingawa kwenu Kakamega hawakuhusu sana. Ukisafiri kwenda Bonde la Ufa, vichaka vile vyenye harufu nzuri na majani madogo ya fedha, kama vilivyo karibu na Ziwa Nakuru, ni Croton dichogamus. Nao una magamba. Ila ni kichaka, mara nyingi mita mbili au tatu, jani ni jembamba na halizidi sm 8 hivi, na chini yake kwenye fedha kuna vitone vya kahawia vilivyotawanyika kama vumbi la ugoro. Tunda lake ni dogo. Pwani, kwenye misitu kama Arabuko-Sokoke, kuna Croton pseudopulchellus, kichaka kingine cha fedha na vitone vya kahawia, ambacho majani yake hukusanyika kwenye ncha za matawi hata yakaonekana kuota duara. Kwa jumla majani ya kroton hupishana kwenye tawi. Huku kukusanyika ni vifundo vilivyobanana tu. Na anayekuambia ameona mukinduri mwituni kwenye joto la pwani ya Kenya au Somalia, mwambie atazame upya, kwani huko yuko Croton megalocarpoides, jina ambalo maana yake ni "anayefanana na megalocarpus".

Gome nimeliacha mwisho kwa makusudi. Mukinduri mzima huwa na gome la kijivu cha giza au kahawia lenye nyufa za kwenda juu chini, na kilele kilichotandaza kwa ngazi, kwenye mti unaoweza kupita mita 30. Musutsu ni mfupi zaidi, gome kijivu kilichopauka na nyufa nyembamba. Kroton wa msituni una gome laini la kijivu ambalo hukwaruzika uzeeni. Soma maelezo hayo tena, utaona kwamba mti wa makamo wa aina yoyote unaweza kuingia popote. Gome ni la kukuonesha mti gani uusogelee, si la kukupa jina.

Ukitaka jibu la uhakika kwa ule wa mtoni, peleka sampuli kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ya Kenya iko Nairobi chini ya Makumbusho ya Taifa. Wasomaji wa Tanzania wana ya Arusha na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Uganda ya Makerere. Kata tawi la sm 30 hadi 40 lenye majani yaliyokomaa, shuke na matunda. Lilaze ndani ya gazeti lililokunjwa, na pindua angalau jani moja ili upande wa chini ubaki juu, maana likishakauka na kugandishwa kwenye karatasi hakuna atakayeweza kuligeuza. Badilisha gazeti kila siku kwa siku tatu nne za kwanza, vinginevyo majani huota ukungu na nyota zote hupotea kwenye uchafu. Matunda yaweke kwenye bahasha ya pembeni: ya musutsu hupasuka ndani ya kibanio cha kukaushia na mbegu zikatawanyika kwenye sampuli za watu wengine. Kisha andika yale ambayo kukausha kutayafuta: rangi ya tunda lililoiva, rangi ya ua, harufu ya jani likifikichwa, urefu wa mti, hali ya gome, tarehe, na mahali. Sampuli ya sylvaticus iliyokauka bila neno "nyekundu" kwenye karatasi imepoteza nusu ya thamani yake.

Usionje chochote. Mbegu za kroton huharisha vibaya, na "mafuta ya kroton" yanayotajwa kwenye vitabu vya zamani vya dawa yalitoka kwa Croton tiglium wa Asia, dawa kali mno ya kuharisha, wala si kwa mukinduri wako. Anayetumia magome au mizizi ya musutsu kwa tiba ana sababu zaidi ya kujua ameshika mti gani.

Kwa miche uliyokwisha kununua, zipande zile za fedha mpakani kama ulivyopanga, ukizipa nafasi, kwa kuwa kilele kitatanda. Zile za moyo usizitupe. Kama ni musutsu zitafaa kwenye kipande kilichochoka au kingo za mmomonyoko, pamoja na kuni na nyuki. Na msimu ujao usinunue mche kwa jina. Okota mwenyewe kokwa zilizoanguka chini ya mti mmoja uliouthibitisha, zipasue taratibu kwa nyundo ndogo kwenye ubavu usiponde mbegu, na uzisie zikiwa mbichi, kwani mbegu yenye mafuta mengi ikikaa ghalani huchacha na kupoteza uwezo wa kuota. Mbegu ya tunda la sm 3 lenye kokwa ya mbao haiwezi kuwa ya musutsu, hata muuzaji akiapa.